Vidoti Vyeupe

Vidoti vyeupe vilikuwa vimeota tena. Niliinua kisahani cha hamira nikakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, na katikati ya rangi ya karoti nikaviona, vinene, vimenawiri, kama watu waliolala vizuri miongoni mwa wachovu.

"Vingi?" mjomba aliuliza bila kugeuka.

"Vingi, mjomba."

"Vitupe. Chagua vyenye rangi kali, tuanze upya."

Nikavitupa, nikachota vyenye rangi kali kwa kijiti. Tukaanza upya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu nimalize chuo, katika vyumba viwili juu ya duka la mikate. Joto la tanuri lilipanda hadi soli za viatu zikanata sakafuni, na madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa gundi ili vumbi la unga lisituingilie. Tulipumua hewa ileile tuliyoitoa jana.

Mjomba ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa sijajua hata kufunga vifungo vya sweta. Mjomba alinichukua, akanifunga vifungo, akaniita Kimya kwa sababu sikulia. Jina likanikaa mwilini kama ngozi. Kwa hiyo aliponiambia, "Hamira ikitulia, mwanangu, utakwenda kusoma popote utakapo," nilijibu, "Ndiyo, mjomba." Ila hamira haikutulia.

Mimea na vijidudu hujenga mambo mengi kwa tofali moja dogo, lenye kaboni tano. Mmea ukiunga matofali mawili, unapata harufu ya ganda la limau. Ukiunga manane, unapata rangi ya karoti. Maelfu, utomvu wa mpira. Hamira nayo inalo tofali hilo, hulitumia kutengeneza mafuta ya utando wake. Sisi tuliipa jeni za kigeni, zimepangwa kwenye kipete kidogo cha DNA ndani ya seli, ili baadhi ya matofali yaende kwenye rangi. Rangi hiyo ikiingia mwilini mwa mtoto hugeuka vitamini ya macho, na mjomba alikuwa na ndoto ya kuiona katika kila bakuli la uji.

Lakini hamira yenyewe haikuwa na haja na rangi. Kwake ilikuwa mzigo wa mtu mwingine. Seli iliyobahatika kudondosha kipete ilirudi kuwa nyeupe, ikashiba, ikazaana, ikawafunika wenzake.

"Mimi hamira naipa sukari inanipa mkate," mama wa duka la chini alizoea kutuchokoza kila akipanda kututazama. "Nyinyi mnaipa sukari inawapa presha."

Kisha mwalimu wangu wa chuo akanipigia simu. Alikuwa amenipatia nafasi katika mji wa mbali, mahali wanapochunguza jinsi majani yanavyotengeneza harufu zake. Alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nilimweleza mjomba akiwa anaosha chupa. Aliendelea kuosha ileile moja kwa muda mrefu.

"Uniache na hivi vyeupe?"

Nikawaza: hamira ikitulia, mlango utafunguka. Siku iliyofuata nikasema, "Tukiifunga je, mjomba?"

"Kuifunga vipi?"

"Tuiondolee hamira jeni moja ambayo haiwezi kuishi bila yake. Tuirudishe kwenye kipete tu, pamoja na zile za rangi. Ikidondosha kipete, inakufa."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. "Kumbe Kimya mkatili hivi!"

Tulicheka. Tukafanya. Visahani vikatoka vyote vya rangi ya karoti, safi, bila hata doa. Mjomba alileta keki kutoka chini, akamwambia mama wa duka kwamba mimi ni mkono wake wa kulia. Tulipobaki peke yetu, akapangusa makombo mezani kwa kiganja.

"Sasa utaendaje? Hamira hii anaijua nani mwingine? Mimi na wewe ni damu, mwanangu. Bila mimi ungekuwa wapi?"

Aliyasema taratibu, kwa mapenzi kabisa. Angefoka, labda ningepata pa kutokea. Nilitazama madirisha yale yenye gundi, nikajibu, "Ndiyo, mjomba."

Mwezi ulikuwa unakwisha nilipokiona. Kidoti kimoja, cheupe pee. Nilidhani ni hamira ya dukani iliyopenya, nikaipima. La, ilikuwa yetu. Na kipete ilikuwa nacho, kizima, na ile jeni ya uhai ilikuwa inafanya kazi yake. Iliyoharibika ni moja tu ya zile za rangi. Hamira ile haikukimbia. Ilikuwa imeshika kinachoifanya iishi, ikautua mzigo tu.

Nilikaa juu ya stuli mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikaenda chumba cha pili.

"Mjomba, nimeamua kumkubalia mwalimu. Naenda."

Hakuinua kichwa. "Na hamira?"

"Nitakuonyesha kila kitu kabla sijaondoka."

"Unionyeshe! Nani alikufundisha kushika kijiti?"

"Wewe, mjomba."

"Kwa hiyo umenikata."

"Sijakukata. Wewe ni mjomba wangu. Nitakupigia kila Jumapili mpaka unichoke. Kazi tu ndiyo ninayoiweka chini."

Sikuwahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa pamoja. Chini, mama wa duka alikuwa akimgombeza mtu kuhusu trei zilizoungua, na sisi tulimsikiliza kana kwamba anatuhusu.

Mwishowe mjomba alivaa miwani, akavuta kisahani, akashika kijiti. Akagusa kidoti kisicho chenyewe, akasonya, akachukua kijiti kingine.

Mikono yangu iliinuka yenyewe. Nikaiingiza mifukoni, nikamwacha achague.