Vifaranga vya Kishingo

Advera hakukusudia kuua. Alikuwa ameinama shambani nyuma ya nyumba yake, huko Itetemia, akifukia tena karanga zilizofukuliwa, alipomwona kuku kishingo wa jirani, yule asiye na manyoya shingoni, akiparura mstari uleule aliotoka kuufukia. Hasira zikampanda. Akaokota kipande cha tofali, akarusha. Siku zote hukosa. Siku hiyo kilimpata kuku kichwani, akaanguka akipigapiga mabawa.

Angeweza kumbeba akampeleka kwa mwenyewe. Nyumba ya Nyamizi ilikuwa hapo tu, upande wa pili wa ua wa minyaa. Lakini Advera ndiye mwenyekiti wa jumuiya, na juzi tu alimsema yule mama mjane mbele za watu kwa kuachia kuku wake ovyo. Wangesema amemlipizia. Basi akakimbilia kisu. Muda si mrefu manyoya yalikuwa yameshatupwa chooni, na nyama iko mekoni.

Jua linazama, akasikia Nyamizi akipiga hodi.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, Mama Modest. Hujamwona kishingo wangu? Ana watoto wadogo, na hajarudi kuwafunika."

Watoto! Advera hakuwa ameona kifaranga hata mmoja.

"Sijamwona, mama. Labda mwewe."

Chungu kilikuwa kinatokota, harufu imejaa uani. Mgeni akikukuta unapakua, humwachi aondoke hivihivi, Advera alilelewa hivyo, na mdomo wake ukasema wenyewe: "Kaa ule kwanza."

Nyamizi akanawa, akala. "Mtamu huyu," akasema, akilamba vidole. "Ungeniambia unachinja ningeleta mlenda." Advera alimega ugali mtupu, nyama hakuigusa.

Asubuhi Nyamizi akarudi na kikapu. Alikuwa amewakuta vifaranga wamejikunyata chini ya minyaa, mmoja amekufa kwa baridi.

"Kuku wako bado anaatamia, sivyo? Tumwombe atulelee hawa."

Advera akawa na haraka ya mtu anayetaka jambo liishe. Akamchukua kifaranga mmoja, akamsukumia kwa kuku wake mchana kweupe. Kuku akamdonoa kichwani hadi damu ikatoka.

Nyamizi hakumgombeza. "Sivyo, mwanangu. Sasa hivi anaona wageni. Ngoja giza liingie."

Mchana kutwa wakawaweka ndani ya boksi karibu na jiko, wakawapa chenga za mahindi. Wale viumbe walilia bila kukoma. Kila Advera alipopita, alihisi wanamwambia yeye.

Giza lilipoingia Nyamizi alikuja, akapiga magoti kwa shida, kwani mgongo ulikuwa unamsumbua. Akapenyeza mkono chini ya kuku, akatoa yai, akalitikisa sikioni. "Bovu. Yote yameshapita siku zake, anajichosha bure." Akitoa yai anaingiza kifaranga, akitoa jingine anaingiza mwingine, huku akimsemesha kuku polepole kwa Kinyamwezi. Kuku alinguruma kidogo, kisha akatulia.

"Wa mwisho weka wewe. Mkono wako anaujua."

Advera akapenyeza mkono. Kifaranga, yuleyule mwenye jeraha, akaingia kwenye joto la manyoya, kilio kikakatika. Nyamizi akamshika Advera bega ili ainuke. "Mungu akubariki," akasema. Advera akatamani ardhi ipasuke.

Asubuhi kuku alitoka nao, anawaita kwenye chakula, anamfukuza kunguru, utadhani aliwaangua mwenyewe.

Jumamosi jumuiya ilisali nyumbani kwa Advera. Ulipofika wakati wa shukrani, Nyamizi akasimama. "Mwewe alimchukua mama yao. Jirani yangu huyu akawapa mama mwingine." Watu wakapiga makofi. Ikabaki mwenyekiti afunge kwa sala. Advera akasimama, akafumba macho, akayafumbua tena bila kusali.

"Hakuwa mwewe," akasema. "Nilimpiga mimi, kwa tofali."

Watu wakageukiana.

"Na ile nyama?" Nyamizi akauliza kwa upole.

"Ndiye yeye, mama."

Mtu mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Nyamizi aliangalia viganja vyake. "Na mimi nikakusifia mchuzi," akasema. Akakunja mkeka wake, akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Watu walipotawanyika, Advera akamtia kuku wake kikapuni pamoja na vifaranga wote, akazunguka kwa njia ya barabarani, ya watu wote, ingawa angeweza kupenya kwenye ua.

"Unauza, Mama Modest?" jirani mmoja akamwuliza.

"Hapana. Nalipa." Uso ulimwaka, ila hakuharakisha miguu.

Nyamizi alikuwa ameketi mlangoni. Hakumkaribisha. Akaonyesha kibanda kwa kidole, Advera akawaingiza humo mmoja mmoja. Akapiga magoti aombe radhi, lakini mama yule akainua mkono kumkatiza.

"Maneno yametosha. Mgongo wangu hauinami asubuhi. Utakuja kuwawekea maji."

Basi akawa anakwenda kila kunapopambazuka. Shikamoo, marahaba, maji, kisha anarudi. Masika yakapita, vifaranga wakaota manyoya, wawili kati yao wakabaki na shingo tupu, na wanawake wale walikuwa bado hawajaketi tena kula kwenye sahani moja.