Meno Yaliyopigwa Msasa

Mliziba pua mkapita. Msijifanye hamkumbuki: pomboo alilala mchangani siku tatu, nanyi mkavuka ng'ambo ya barabara macho kwenye simu.

Aliyeinama ni mmoja tu, mtunza stoo wa ofisi ya uvuvi. Alimpiga picha, akakata kichwa, akakizika nyuma ya nyumba yake ili wadudu wamalize nyama. Miezi minane. Wenzake walikufa kwa kicheko: "Mama Mifupa, umepanda pomboo? Ukivuna utugawie!"

Yeye alikuwa ameyaona meno ya yule pomboo, yenye mistari myembamba kutoka juu hadi chini kama kucha za mzee. Pomboo wa aina hiyo hayumo kwenye orodha ya bahari yetu. Na kwa kuwa hayumo, ghuba ilihesabiwa haina mnyama wa kulindwa, na mkuu wa ofisi alikuwa anataka kutia sahihi kibali mitambo iingie kuichimba. Mistari ile ndiyo ushahidi wenyewe kwamba yupo.

Siku ya kufukua alirudi kutoka kazini akakuta mumewe, seremala, amemtangulia. Fuvu liko juu ya meza, jeupe pe, meno yanang'aa.

"Nimekupunguzia kazi, mke wangu. Yalikuwa na mikwaruzo, nikayapiga msasa laini. Taratibu kabisa."

Mama Mifupa akatafuta kiti.

"Yote?"

"Yote. Mbona umenyong'onyea?"

"Hiyo mikwaruzo ndiyo niliyoingojea miezi minane, baba watoto."

Seremala akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Kisha akasema polepole, "Kuna matundu matupu kwenye taya. Yaliyong'oka si yatakuwa bado shimoni?"

Akaleta chekeche yake ya mchanga. Wakachekecha wawili, bila kugombana, hadi jua likazama. Walipata meno manne. Mistari ipo.

Kesho yake mkuu aliyatazama kwa lenzi, akaitazama na picha, akashusha pumzi. "Yupo, sibishi. Lakini peke yangu sitaweza kuizuia mitambo. Nabandika karatasi ya majina mlangoni pa ofisi mpaka kesho saa tisa. Watu wakipinga, nasimamisha."

Mama Mifupa akatia sahihi. Mumewe akafuata.

Hiyo saa tisa ni ya leo. Majina bado ni mawili. Wewe uliyeziba pua, weka chini unachosoma, nenda pale mlangoni ukaandike la tatu. Sasa hivi.