Herufi ya Tatu

Mjomba wake hakuwahi kupatana na herufi R. Habari kwake ni habali, barabara ni balabala, na siku alipowatangazia ndugu kwamba Jumamosi kuna "kalamu" nyumbani kwake, mpwa mmoja mtundu alifika na kalamu mbili mfukoni. Watu walicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye walichoka kucheka, wakajifunza kumgeuzia maneno kimyakimya vichwani mwao, funika kombe mwanaharamu apite, naye akaendelea kuzungumza kwa raha zake.

Sasa mjomba huyo ndiye kapteni, na mpwa wake, binti aliyemlea na kumsomesha, ndiye rubani msaidizi kwenye kiti cha kulia. Nyuma yao wameketi abiria kumi na wawili. Mbele yao ni wingu tupu.

Uwanja waliokuwa wakienda uko bondeni, katikati ya milima. Siku ya wingu huoni kitu; unafuata setilaiti kutoka nukta moja ya angani hadi nyingine mpaka magurudumu yakutane na lami. Kila nukta ina jina la herufi tano. Ukiliingiza sawasawa kwenye kompyuta, ndege inakwenda yenyewe. Ukikosea herufi moja, inakwenda vilevile, bila kinyongo, mahali pengine.

Binti alikuwa akiwaambia abiria wafunge mikanda wakati mnara wa kuongozea ndege ulipobadilisha maagizo, kwa hiyo kapteni aliyapokea peke yake.

"Upepo umegeuka," akamwambia. "Weka Kalam, moja kwa moja." Kisha akarudi kuzungumza na mnara kuhusu mvua.

Mkono wa binti ulikwisha kwenda. K, A, R, A, M. Akabonyeza, kompyuta ikakubali, ndege ikaanza kuinamia kushoto.

Sheria ya kazi inasema anayeingiza jina alitaje herufi kwa herufi na mwenzake aitikie. Hawakufanya hivyo. Mwezi uliopita binti alimwomba mjomba ataje herufi mbele ya mafundi, mafundi wakaangua kicheko, na mzee akamnunia siku mbili nzima. Tangu hapo habari ya herufi aliiacha. Mazoea yana taabu, na haya yalikuwa ya tangu utotoni.

Kwenye kioo cha kompyuta ilisomeka: maili ishirini na sita. Akatazama tena. Nukta ya kuingilia uwanja haiwezi kuwa mbali hivyo. Aulize? Akiuliza ni kama kumwambia Mjomba kwamba amekosea tena jina. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini waliosema hawakuwa wamekaa kando ya mzee aliyewalipia shule. Kushoto ilikuwa milima, na vilele vyake vilikuwa juu kuliko wao. Ndege ile hula maili tatu kwa dakika, na dakika nzima ilipita yeye akiwa amemeza ulimi.

Akachomoa chati ya njia mpya. Karatasi ikaanguka, akaiokota. Akatafuta KARAM. Haikuwepo. Iliyokuwepo, upande wa kulia, maili tisa tu kutoka pale walipopewa maagizo, ilikuwa KALAM.

"Mjomba!" Kazini hamwiti hivyo. "Herufi ya tatu, ni L ya kulala au R ya kuruka?"

"Ya kulala! Si nimesema Kalam? Wewe umeweka nini?"

"Ya kuruka."

Kifaa cha kuonya kikaanza kupiga kelele kwamba ardhi iko karibu. Kapteni akainyang'anya kompyuta usukani, akasukuma injini hadi mwisho, akainua pua ya ndege na kuikata kulia. Nyuma mtu alipiga yowe. Binti alitaja kimo kwa sauti asiyoitambua: elfu saba, elfu saba na mia tano, elfu nane. Kushoto wingu likapasuka kidogo na akaona mwamba mweusi uliolowa, na kichaka kilichoota juu yake. Aliyaona hata majani. Hajawahi kuogopa vile maishani mwake.

Walitokeza juu, kwenye jua. Wakaanza upya, herufi kwa herufi, huyu akitaja na yule akiitikia, wakatua salama. Abiria walishuka wakisukumana.

Wao wawili walibaki vitini na mikanda yao.

"Nilisema L," kapteni akasema taratibu. "Na kweli ilikuwa L."

"Najua."

"Sasa hiyo nyingine uliitoa wapi?"

"Karam ipo, Mjomba, ni ya uwanja wa ng'ambo ya milima. Nilidhani ndiyo uliyotaka kuitaja. Huwa nakugeuzia."

"Na ulipoona maili zimezidi?"

"Niliona haya kukuuliza."

"Haya yako ingeua watu kumi na wanne."

Binti akaanza kulia. Mzee hakumbembeleza. Alikuwa akitazama kioo kilichozimwa.

"Mama yako je, naye hunigeuzia?"

"Sote, Mjomba. Nyumba nzima."

"Kumbe," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii nikidhani mnaniheshimu, kumbe hamnisikilizi."