Pacha wa Mezani

Asubuhi setilaiti ilipoacha kutuma picha, Huwaida alikuwa peke yake katika chumba cha juu cha nyumba ya Bi Mwanamkisi, mtaa wa Langoni. Ilipita angani kama kawaida. Antena ya darini ikaifuata kutoka upande wa Kiwayu hadi ilipozama kusini, upande wa Kipungani, na kwenye laptopu ukaja ule ujumbe mfupi wa kila siku: betri imejaa, joto si kali, kompyuta inafanya kazi. Picha hakuna hata moja.

Setilaiti hiyo, ndogo kiasi cha kubebwa mikononi, ilikuwa ya kampuni changa iliyotaka kuitazama mikoko ya visiwa vya Lamu, wapi inakatwa na wapi inaota tena. Huwaida, mzaliwa wa Langoni aliyesomea uhandisi Nairobi, alisimamia kituo. Mwenzake Husni ndiye aliyeandika programu ya kamera. Mkuu wao, Kerubo, alikuwa Nairobi, na walimpata kwa simu.

"Iwasheni upya," Kerubo alisema alipoelezwa.

"Naomba tungoje ipite mara moja tena," Huwaida akajibu.

"Kwa nini?"

"Tukiizima itasahau kilichoipata. Nataka kuiuliza kwanza."

Watu wa misitu walikuwa wameanza kupiga simu kuulizia picha zao. "Haya," Kerubo akasema. "Mara moja tu."

Jioni setilaiti ilipopita, Huwaida aliipelekea amri ya kueleza kila sehemu ya programu ilikuwa ikifanya nini. Jibu lilipofika alilisoma, akalisoma tena, kisha akamgeuzia Husni kioo cha laptopu.

"Kamera haijaharibika. Programu yako nayo haijafa," alisema. "Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Hapo ndipo sipajui."

Ilikuwa kama mtu aliyeambiwa akae kidogo, akakaa asiinuke. Na kwa kuwa programu ilikuwa hai, ule ulinzi wa ndani, ambao huiwasha kompyuta upya ikizubaa, haukuona sababu ya kuingilia.

Wakaiwasha upya. Kesho yake picha zikarudi, safi, na mikono ya bahari ilionekana ikijipenyeza katikati ya mikoko ya Manda. Kerubo akapiga simu kuwapongeza.

"Imepona," alisema.

"Imesahau tu," Huwaida akasema. "Hatujui ilichokuwa ikingojea. Safari nyingine yaweza kutokea wakati inajigeuza kulielekea jua, betri ikaisha, tusiisikie tena."

Kerubo hakubishana. Aliwapa ruhusa ya kuchunguza, ila akawakumbusha kanuni ya kampuni: hakuna amri ngeni wala programu mpya itakayopelekwa angani kabla ya kujaribiwa kwa pacha.

Pacha alikuwa setilaiti ya pili, sawasawa na ile ya angani, kompyuta ile ile na programu ile ile, amelazwa mezani karibu na dirisha, nyaya zake wazi, akitumia umeme wa nyumba badala ya betri. Kila kitu kilijaribiwa kwake kwanza. Na Husni alimtegemea kama shahidi.

"Pacha hajakosea hata siku moja," alisema. "Kosa lingekuwa la programu, naye angekosea. Hii ni mionzi. Huko juu mionzi huweza kugeuza tarakimu moja kwenye kumbukumbu, na mambo yakaharibika."

"Yawezekana," Huwaida alisema. Jibu hilo halikumtuliza. Mionzi ilikuwa neno zuri mno. Lilifunga mazungumzo bila kueleza chochote.

Alianza na joto. Alimpandisha pacha darini kwenye jua la adhuhuri, akakaa kando yake chini ya kanga aliyoitundika, akimsikiliza. Pacha akapiga picha ya ukuta wa jirani bila kinyongo. Akampunguzia umeme, pacha akavumilia. Akampa amri mbili kwa pamoja, pacha akazitekeleza moja baada ya nyingine. Husni, aliyekuwa akimcheka mwanzoni, akaja kukaa naye. Naye sasa alitaka kujua.

"Pengine tunauliza vibaya," Huwaida alisema siku moja. "Tunatafuta kilichoipata setilaiti. Tutafute setilaiti na pacha wanavyotofautiana. Ile ina nini, ambacho huyu hana?"

"Iko juu, na huyu yuko chini."

"Na nini tena?"

Husni akafikiri. "Ile hailali."

Huwaida alimtazama, kisha akavuta laptopu na kumuuliza pacha swali ambalo hawakuwahi kumuuliza: amekuwa macho tangu lini. Pacha akajibu kuwa ameamka asubuhi hiyo.

"Wewe ndiye unayemzima?" Huwaida akauliza.

"Mimi simgusi. Si wewe?"

Wakashuka chini. Bi Mwanamkisi alikuwa kwenye kiwanda cha nyumba, ule ua wa ndani, akichambua mchele kwenye ungo.

"Bi Mwanamkisi, umeme wa kule yuu chumbani huzimwa?" Huwaida akamuuliza.

"Kula siku, mwanangu, mukisha kwenda zenu," alisema. "Hushika ile swichi kubwa ya ukutani nikazima nyumba nzima. Nimeona moto ukila nyumba za watu kwa waya tu. Asubuhi huwasha kabla hamuyaja. Kwani pana ubaya?"

"Hapana ubaya, Bi. Umetusaidia."

"Nimewasaidiaje?"

"Nitakuja kukueleza. Hata mimi sijamaliza kuelewa."

Ndani ya kompyuta ya setilaiti kulikuwa na kihesabio cha muda, kinachoanza sifuri inapowashwa na kupanda bila kupumzika. Kama mita ya maji, kilikuwa na idadi maalumu ya nafasi za tarakimu. Zikijaa, hurudi sifuri. Kujaa kwake huchukua zaidi ya mwezi mmoja na nusu. Pacha hakuwahi kumaliza hata siku nzima. Setilaiti, ambayo siku zake za mwanzo walikuwa wakiiwasha upya mara kwa mara, safari hii ndiyo kwanza ilikuwa imekaa macho muda wote huo.

Huwaida akaandika amri ya kumdanganya pacha kwamba amekesha wiki nyingi na kihesabio kinakaribia kujaa. Wakavuta viti. Pacha akapiga picha, akapiga nyingine. Kihesabio kikajaa, kikarudi sifuri, na pacha akanyamaza. Umeme upo, joto sawa, kompyuta yafanya kazi. Picha hakuna.

Husni alifungua programu yake, akaufikia mstari wenyewe. Uliiambia kamera ingoje mpaka kihesabio kipite namba fulani. Lakini kihesabio kilikuwa kimerudi mwanzo, na namba ile ilikuwa mbali sana mbele.

"Ni mimi," Husni alisema, Kerubo alipokuwa kwenye simu.

"Mstari ni wako," Kerubo akasema. "Huwaida aliusoma kabla haujapita, mimi nikaupitisha. Sitaki kujua nani. Nataka kujua tulikuwa tukitazama wapi sote watatu."

"Tulimtazama pacha," Huwaida akasema. "Tulimwamini bila kumuuliza anaishi vipi."

Husni aliuandika mstari upya, sasa ukihesabu muda uliopita badala ya kungojea namba. Huwaida akausoma, Kerubo akausoma kivyake. Pacha alinunuliwa betri yake mwenyewe, na Bi Mwanamkisi akaendelea kuzima nyumba yake kwa amani. Walipomvusha pacha kwenye sifuri mara nyingi asikwame, ndipo wakautuma angani.

Wiki zikapita. Siku ambayo kihesabio cha angani kilitarajiwa kujaa, Husni alifika kituoni kabla ya Huwaida. Setilaiti ilipochomoza kaskazini, ujumbe wa kawaida ukaja, na kihesabio kilionyesha namba ndogo, changa. Nyuma yake picha zikaanza kushuka, moja baada ya moja: mikoko ya Pate, mlango wa bahari wa Kililana, mchanga mweupe.

Huwaida akashusha pumzi. Husni hakuwa akitazama picha. Alikuwa amefungua sehemu nyingine ya programu, ile inayosimamia betri.

"Njoo uone," alisema. "Na hiki nacho ni kihesabio. Unadhani kikijaa kitafanya nini?"

Huwaida akavuta kiti.