Kulainisha Viatu vya Mlimani

Viatu vilifika Jumanne saa nne asubuhi, Dada wa kazi akiwa anapiga deki sebuleni. Vilikuja kwenye boksi kubwa: plastiki ngumu nyeupe, vifungo vinne vya chuma kila kiatu, vizito kama matofali. Mama mwenye nyumba alivivaa, akatembea kutoka kwenye kochi hadi mlangoni, akavivua.

"Vinabana hivi! Muuzaji anasema vivaliwe kila siku, wiki tatu, ndiyo vilainike. Sasa mimi na kazi zangu hizi nitavivaa saa ngapi? Dada, unavaa namba ngapi?"

"Thelathini na tisa, Mama."

"Basi tumemaliza."

Safari ilikuwa ya Desemba. Mama, aliyekuwa mwanasheria, mumewe mkandarasi, na mtoto wao wa miaka tisa, ambaye kwa domo lake walimbandika jina la Chiriku, walikuwa wanakwenda nchi ya mbali kuteleza kwenye theluji kwa siku kumi na mbili. Ramani ya mlima ilibandikwa kwenye mlango wa friji. Njia za wanaojifunza zilichorwa kijani, za mabingwa zilichorwa nyeusi. Kila jioni Mama alisimama mbele yake na kikombe cha chai, akipitisha kidole juu ya zile nyeusi.

Dada naye alikuwa na sababu ya kuipenda safari hiyo. Binti yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa akilelewa na mama yake mkubwa, mwendo wa siku nzima kwa basi, na mama na mwana walikuwa hawajaonana huu mwaka wa tatu. Likizo ya mwaka juzi iliahirishwa kwa sababu nyumba ilikuwa inapakwa rangi. Ya mwaka jana ililiwa na wageni.

"Safari hii hakuna cha wageni," Mama alimwambia. "Tukiondoka sisi, na wewe unaondoka."

Kwa hiyo Dada alivivaa viatu. Aliosha vyombo navyo, alianika nguo navyo, alipanda ngazi navyo akiushika ukuta kama mtu anayejifunza kutembea. Siku ya nne, alipovivua jioni, alikuta vimejaa theluji, kiasi cha bakuli moja, safi. Aliimwaga kwenye sinki. Siku ya tano ilikuwa bakuli mbili. Mkandarasi aliikuta, akachovya kidole.

"Usimwage humu," alisema. "Bomba litaganda lipasuke. Kamwage kwenye maua."

Alimwaga kwenye maua. Maua yakafa, akaambiwa amwage pembeni ya maua. Bomba lilikuwa limeshapasuka.

Mama alianza mazoezi. Kila alfajiri alitandika mkeka barazani, akachuchumaa na kuinuka mara hamsini, kama alivyokuwa akielekezwa na mwalimu wa kwenye simu. Jikoni, Dada akisubiri maji ya chai yachemke, jasho lilimtiririka mgongoni na mapaja yakamtetemeka hadi akaegemea meza. Mama aliingia mkavu, pumzi imetulia.

"Dada, mapaja yanakuuma?"

"Yananiuma sana, Mama."

"Ndiyo maana mimi sisikii kitu." Alifikiri kidogo. "Basi kesho nipige mia."

Hakusema kwa ubaya. Jioni yake alimletea dawa ya kuchua, ile nzuri, ya kwenye chupa ya bluu.

"Dada akipanda ngazi magoti yanalia," Chiriku alitangaza mezani. "Kwa, kwa, kwa."

"Kula, mwanangu," baba yake alisema.

Waliondoka Ijumaa. Masanduku yakiwa tayari kwenye gari, Mama aliteremsha kioo.

"Kuna kitu kimoja tu. Fundi bomba anakuja Jumatatu. Mfungulie, akimaliza funga nyumba uende zako. Msalimie binti."

Jumatatu fundi bomba hakutokea. Jumanne alikuja, akatazama, akasema amesahau kifaa. Dada alikwenda stendi kubadilisha siku ya safari. Jumatano asubuhi, fundi akiwa amejilaza chini ya sinki, Dada aliketi kitandani chumbani kwake akifunga zipu ya begi. Ndani mlikuwa na gauni jipya alilolikisia kwa macho, maana hakujua mtoto amefika kimo gani. Hapo mguu wake wa kulia ukavunjika, chini kidogo ya goti, kwa mlio wa kijiti kikavu.

Fundi alisikia ukelele akaja mbio, spana mkononi.

"Nani kaanguka?"

"Mama, nadhani," Dada alisema.

Fundi aliufuta mkono kwenye suruali, akambeba hadi kwenye pikapu yake.

Zahanati ilikuwa na foleni ya saa tatu. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Ulianguka wapi?"

"Sikuanguka, daktari. Nilikuwa nimekaa."

"Mwajiri wako yuko wapi?"

"Ameenda kwenye theluji."

Daktari alimgeukia muuguzi. "Msimu umeanza," alisema. Wiki iliyopita alimfunga bega mlinzi mmoja wa getini. Kwenye fomu, mahali palipoandikwa *eneo la ajali*, aliuliza jina la mlima. Dada alilikumbuka kutoka kwenye friji, akamtajia herufi moja moja.

Jioni simu iliita.

"Dada! Leo nimebiringika kutoka juu mpaka chini, watu wote wanapiga kelele! Nimeinuka, nimekung'uta suruali, basi!"

"Ndiyo, Mama. Mguu umevunjika."

"Wa kulia?"

"Wa kulia."

"Jamani, pole. Pole sana, Dada. Ndio nilioangukia." Sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Wameufunga plasta?"

"Wameufunga."

"Hapo sawa. Pumzika, usiguse kazi yoyote. Maana kesho tunapanda ule upande mweusi."

Dada hakuweza kupanda basi. Ngazi zake zilikuwa ndefu mno kwa mguu ule. Siku zilizobaki alilala, mguu juu ya begi. Mchana bati liliwaka kwa jua, naye alivaa nguo zake zote, masikio yakimuuma kwa baridi. Siku ya nane mbavu zilimbana kidogo, zikaachia.

Walirudi mashavu yamenawiri. Mama alimletea kofia ya sufu. Mkandarasi alikuwa ameulizia bima, akaandika barua mbili.

"Inamlipa aliyesafiri akaumia," alimweleza. "Mama kasafiri, hajaumia. Wewe umeumia, hujasafiri. Nimejaribu, Dada."

Kuhusu likizo, Dada alingoja hadi Jumapili ndipo akauliza. Mama aliweka kikombe chini.

"Lakini umekaa siku zote hizi hujafua, hujapika. Hiyo tuiite nini?"

Dada alinyoosha mkono, akakichukua kikombe.

"Ila nimeshamwambia Baba," Mama alisema, akamshika bega. "Mwakani tutachagua mlima mfupi. Kwa ajili yako."

"Asante, Mama."

Alikunja nguo za safari akiwa ameketi, kisha akampigia binti yake.

"Mama, unakuja lini?"

"Mwakani, wakisafiri tena."

"Na mguu?"

"Utakuwa umepona. Wanasema mlima wa mwakani ni mfupi."

"Kwa hiyo hutaanguka?"

"Nitaanguka kidogo tu," Dada alisema. "Nitafika nikichechemea."