Chatu Amepoa

Mwaka ule wa mvua za El Nino, chatu dume wa nyumba ya nyoka ya Diani alishikwa na mafua. Usicheke. Nyoka hupata mafua, na yakimshika hana pua ya kupenga: alikuwa akiinua kichwa juu, mdomo wazi, povu limemjaa kooni, pumzi zikitokota.

Kibwana, mlezi wa nyoka hao, alimwita Dianah, daktari wa mifugo kutoka Kinango. Dianah akasema ni virusi, dawa yake hakuna, na ugonjwa huo ukiingia kizimba kimoja huweza kumaliza nyumba nzima. Amtenge dume, na bakuli lake liwe lake peke yake. Kibwana akamhamishia stoo ya nyuma. Roho ya Kibwana ilikuwa kwa jike aliyebaki kizimbani, aliyekuwa amejizungusha juu ya mayai yake ya kwanza, hali wala hatoki. Alimlea jike yule tangu alipokuwa mwembamba kama mshipi, na kusema kweli alimpenda kuliko baadhi ya jamaa zake.

Kisha shangazi yake akafariki Msambweni, ikambidi aende matangani. Dume akamwachia Mulwa, mwenzake mgeni kutoka bara, mchapakazi.

Aliporudi alimkuta Mulwa langoni, akamuuliza hali ya mgonjwa kabla hata salamu hazijaisha. Mulwa akasema, "Amepoa sana."

Basi! Kwao Msambweni, mgonjwa aliyepoa ni mgonjwa aliyepona, anayedai uji. Kibwana akasema alhamdulillahi, akaenda stoo, akambeba dume mabegani, akamrudisha kwa jike. Alimwona mzito na mtulivu, akadhani ni shibe. Furaha ilikuwa imemtia upofu.

Adhuhuri Mulwa akapita na ndoo, akasimama mbele ya kizimba.

"Mbona umemleta huku?"

"Si umesema amepoa?"

"Ndiyo, amepoa. Amelegea, hata kichwa hainui."

Kibwana akafungua kizimba mbio. Akaingia, akamtoa dume; povu lilikuwa limeshatapakaa kwenye bakuli la maji na mgongoni mwa jike. Dume akafa alasiri ile. Kibwana akaosha, akasugua, akaomba Mungu, akawa anashinda pale kizimbani, sikio kwenye wavu, akisikiliza pumzi za jike. Mulwa aliomba radhi mpaka akachoka, na Kibwana hakuwa na la kumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kabla mayai hayajaanguliwa, jike akainua kichwa juu, akafungua mdomo.

Dianah akasema hapakuwa na la kungoja: atolewe, adungwe sindano ya mwisho, ili mayai na nyoka waliobaki wapate kusalimika. Mulwa akajitolea kumtoa. Kibwana akakataa. Akapiga magoti, akaanza kumfungua pindo baada ya pindo. Chatu mwenye mayai humng'ata yeyote anayemgusa, hata mlezi wake, na Kibwana alikuwa ameingia bila glovu, makusudi. Alitamani ang'atwe.

Jike hakumng'ata. Alijiachia mikononi mwake, akayaacha mayai wazi.