Nukta Sita za Rangi ya Kucha

Hakuna mtu katika mtaa wetu anayeijua klachi ya pikipiki kunishinda mimi. Haya, yupo mmoja, tena nimemzaa mwenyewe. Na elimu yangu yote ya klachi niliipata nikimmulikia marehemu baba yake tochi huku nasinzia.

Pikipiki yenyewe ni ya marehemu, kongwe kuliko ndoa yetu. Jumapili, kifungua mimba wangu alikuja kuizungusha kama afanyavyo kila mwezi. Injini ikanguruma mtaa mzima ukasikia, lakini gurudumu likajivuta kama mtoto anayepelekwa kuogeshwa. Mwanangu huyo ni karani, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na akishaamua ameamua: Jumatano saa sita mchana angekuja na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kitinda mimba wangu, binti, fundi, aliposikia alimpigia simu.

"Kaka, nikiitengeneza kabla ya hapo?"

"Ikipanda kilima cha hapo nje, ni yako. Lakini sahani za klachi zimekwisha, mdogo wangu. Usijichoshe."

Jumatano saa tatu binti alikuwa uani, chini ya kamba ya nguo. Alitaka kuipanda pikipiki ya baba yake siku ya kufungua karakana yake mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nachambua maharage kwa kubahatisha, maana miwani yangu ilikuwa imepotea tangu Jumamosi.

"Mama, nani mwingine anaiendesha?"

"Nani tena? Mimi nimepigwa marufuku na daktari, na nyinyi mkamsaidia. Naifuta vumbi tu."

Akaipiga kiki. Akaweka gia ya juu, akabana breki, akaachia klachi taratibu. Klachi nzima ingeizima injini papo hapo. Hii ikaendelea kunguruma.

"Inateleza," akasema. Akajaribu ulegevu wa kebo kwa kidole: sawa. Akachovya oili, akainusa kama mpishi: sawa. Nikajua kinachofuata ni kifuniko.

"Pumzika kwanza, mwanangu, unywe chai."

"Baadaye, Mama."

Boliti za kifuniko zikatoka moja moja, akazipanga juu ya gazeti kwa duara, kila moja mahali pake. Hivyo hivyo alivyokuwa akipanga baba yake. Nikageuza uso, nikasingizia moshi, na jiko hata sijaliwasha.

"Njoo uone."

Kuna nati sita zinazokaza springi, na springi ndizo zinazobana sahani ili nguvu ya injini ifike kwenye gurudumu. Marehemu alikuwa na kawaida yake: akishakaza nati, huipaka nukta ya rangi ya kucha, ya kwangu, bila kuomba, nusu kwenye nati na nusu kwenye chuma cha pembeni, ili ikilegea ajue. Nukta zote sita zilikuwa zimeachana.

"Uzee," nikasema. "Zimelegea zenyewe."

"Zote sita, kwa kipimo kimoja? Aliyezilegeza ana akili. Springi zikilegea, mkono wa klachi unakuwa mwepesi, hata mwenye kiganja dhaifu anauvuta. Ila sahani hazishikani tena."

Nikaingiza viganja vyangu ndani ya maharage.

Akakagua sahani, bado nene. Akarudisha kila kitu, akakaza nati hadi nukta zikakutana. Kaka yake akaingia na mnunuzi wake.

"Sahani mpya umezitoa wapi?"

"Ni zile zile, kaka. Kuna mtu alizilegeza nati tu. Simama getini uangalie."

Ikapanda kilima bila kusita, ikageuka juu kabisa, ikashuka. Mnunuzi wa vyuma akasahau kilichomleta, akapiga makofi. Mimi nikapiga kelele, "Huyo wangu! Nimemzaa mimi!" mara nne, ya nne kwa ajili ya jirani wa kona, ambaye sikio lake ni zito.

"Nimeshindwa, ni yako," karani akasema, kisha akanigeukia. "Lakini nani alizichezea hizo nati?"

"Panya," nikajibu upesi.

Binti akafungua kisanduku cha zana chini ya kiti ili arudishe spana. Mkono wake ukatoka na miwani yangu.

"Na panya wako, Mama," akasema, akifuta vioo vyake kwa pindo la shati, "haoni vizuri siku hizi?"